Namna ya Kuweka Sanduku la Gazeti Kwenye Njia ya Waenda kwa Miguu Nchini Marekani

Mwongozo huu ni wa wachapishaji wadogo, hasa wa magazeti ya jamii na ya lugha za wahamiaji, ambao wamekwisha kutoa toleo la kwanza au la pili na sasa wanauliza maswali yale yale kila mara: je, ninaruhusiwa kuweka sanduku langu pale kwenye kona? Namwomba nani? Mbona sanduku la gazeti kubwa lipo na la kwangu limeondolewa? Aliyetoka Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura amezoea kuona gazeti likiuzwa na mchuuzi au likitandazwa mezani karibu na kituo cha basi, na mchuuzi huyo anaweza kujieleza askari wa jiji anapofika. Sanduku la chuma lenye mlango wa kioo halina mtu wa kulisemea. Kinacholisemea ni karatasi: sheria ndogo ya mji, kibali, hati ya bima, na picha ulizopiga siku ulipolisimamisha.

Jambo la msingi ni hili. Mji una mamlaka ya kupanga sanduku lisimame wapi, liwe na ukubwa gani na litunzwe vipi. Hauna mamlaka ya kuchagua gazeti kwa sababu ya yaliyoandikwa ndani yake, wala ya kumwachia afisa mmoja aamue apendavyo. Ukilishika hilo, hatua zote zilizo hapa chini zitakuwa na mantiki.

SHERIA KWA UFUPI

Kesi chache zinamtosha anayeanza. Mwaka 1938, katika shauri lililotoka mji wa Griffin, jimbo la Georgia, Mahakama ya Juu ya Marekani iliibatilisha sheria ndogo iliyomtaka kila anayegawa maandishi apate kwanza ruhusa ya meneja wa mji. Mwaka 1988 likaja shauri la Lakewood, kitongoji cha Cleveland katika jimbo la Ohio, ambako gazeti la Plain Dealer lilipinga sheria iliyompa meya uwezo wa kutoa au kunyima kibali cha masanduku bila vigezo vya kumwongoza, na kumruhusu aongeze sharti lolote aliloliona kuwa la lazima na la busara. Kwa kura 4 dhidi ya 3, majaji waliamua kwamba mamlaka yasiyo na mipaka namna hiyo yanakiuka Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa kusema na wa magazeti, na kwamba mchapishaji anaweza kuipinga sheria ya aina hiyo hata kabla hajaomba kibali na kunyimwa.

Mwaka 1993 ilikuwa zamu ya Cincinnati, pia Ohio. Mji huo ulifuta vibali vya masanduku 62 yenye machapisho ya kibiashara na kuyaacha ya magazeti, ilhali masanduku yote mitaani yalikadiriwa kuwa kati ya 1,500 na 2,000. Mahakama ya Juu ilikataa, kwa kuwa sanduku la matangazo na sanduku la habari huziba njia kwa kiasi kile kile, na kuondoa sehemu ndogo hivyo hakungeboresha usalama wala sura ya mji kwa kiwango cha maana.

Usidhani basi kwamba masanduku hayawezi kukatazwa kabisa. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikubali katazo la masanduku yote ya magazeti katika mtaa wa kihistoria wa Beacon Hill, Boston, kwa sababu katazo hilo halikutofautisha gazeti na gazeti, na wasomaji bado walikuwa na njia nyingine za kulipata gazeti lao. Kwa hiyo anayekuambia kwamba Katiba inakupa kona yoyote unayoitaka anakupotosha, sawa na yule anayekuambia kwamba mji ukisema hapana basi mambo yamekwisha.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

Kusanya vitu hivi mapema, kwa maana ukikosa kimoja maombi yako yatarudishwa na utapoteza nafasi kwenye foleni:

- Nakala kamili ya sheria ndogo ya mji inayohusu masanduku ya magazeti, pamoja na kanuni za idara zilizotungwa chini yake.
- Futi kamba inayoonyesha inchi, kwa sababu sheria karibu zote za Marekani hupima kwa inchi na futi, chaki ya kuweka alama, na simu yenye kamera.
- Hati ya usajili wa biashara au shirika lako katika jimbo husika.
- Jina na mawasiliano ya wakala wa bima ambaye yuko tayari kutoa hati yenye jina la mji.
- Anwani ya barua, namba ya simu na barua pepe ambazo hazitabadilika, kwa kuwa ndizo zitakazoandikwa kwenye sanduku na ndizo notisi zitakakopelekwa.
- Daftari au faili moja la kutunzia kila barua, risiti na picha.

HATUA

Hatua ya 1. Mtambue mwenye njia.

Njia mbili zinazofanana machoni zinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Njia iliyo kando ya mtaa wa kawaida huwa ndani ya hifadhi ya barabara ya mji. Ile iliyo kando ya barabara kuu inaweza kuwa chini ya idara ya uchukuzi ya jimbo hata kama inapita katikati ya mji, na nje ya mipaka ya mji msimamizi mara nyingi huwa ni kaunti. Njia ya mbele ya kituo cha maduka mara nyingi ni mali binafsi, na hapo unachohitaji ni ruhusa ya maandishi ya mwenye mali. Kituo cha treni na uwanja wa ndege vina mamlaka yao na mikataba yao.

Jihadhari hasa na ofisi za posta. Njia ya miguu iliyo ndani ya eneo la posta haihesabiwi sawa na njia ya mtaani. Katika shauri la mwaka 1990, Mahakama ya Juu iliiruhusu Posta ya Marekani kukataza uombaji wa michango kwenye njia ya aina hiyo. Wachapishaji wengi hupapenda mahali hapo kwa sababu watu ni wengi, kisha hushangaa kukuta sanduku limeondolewa bila idara ya mji kujua lolote.

Piga simu kwa karani wa mji au idara inayosimamia barabara, taja anwani kamili na upande wa mtaa, uulize nani msimamizi wa hifadhi ya barabara mahali hapo. Kisha omba jibu hilo kwa barua pepe.

Hatua ya 2. Itafute sheria ndogo na uisome yote.

Sheria ndogo za miji mingi zinapatikana kwenye intaneti. Ukitafuta kwa neno newsrack, yaani sanduku la gazeti, utaipata haraka, na usipoipata, pitia sura inayohusu mitaa na njia za miguu, kisha ile inayohusu matumizi ya hifadhi ya barabara. Usitegemee muhtasari wa afisa wa mapokezi wala karatasi ya maelekezo inayogawiwa mezani, hata kama imeandikwa vizuri. Ukija kupewa notisi, kitakachonukuliwa ni kifungu cha sheria.

Unaposoma, andika pembeni majibu ya maswali haya: je, kinachotakiwa ni kibali kabla ya kuweka, au ni taarifa tu? Kibali ni cha kila sanduku au cha mchapishaji mmoja kwa masanduku yake yote? Kinadumu kwa muda gani? Ada ni kiasi gani? Ni mitaa gani yenye masharti ya ziada, kama vile maeneo ya kihistoria na katikati ya mji? Notisi ya kuondoa sanduku inatoa siku ngapi? Rufaa inapelekwa kwa nani, na ndani ya siku ngapi?

Angalia pia kama mji umefuta masanduku ya mmoja mmoja na kuweka makabati ya pamoja, ambamo kila gazeti hupewa chumba chake. San Francisco ilichukua njia hiyo kwa sheria ya mwaka 1998. Mahali penye utaratibu wa namna hiyo, kununua sanduku lako ni kupoteza fedha. Unachoomba ni chumba ndani ya kabati.

Hatua ya 3. Ipime sheria yenyewe.

Wanaoanza huiruka hatua hii, nami nawasihi wasiiruke. Kabla hujajaza fomu, soma vifungu vya kibali ukiwa na shauri la Lakewood kichwani. Je, sheria inataja vigezo ambavyo afisa lazima avifuate, kwa mfano upana wa njia, umbali kutoka kona na ukubwa wa sanduku? Au inasema tu kwamba kibali kitatolewa ikiwa mkurugenzi ataona inafaa, ikiwa sanduku linapendeza, au ikiwa ni kwa masilahi ya umma? Je, afisa anabanwa na idadi ya siku za kujibu? Akikataa, analazimika kuandika sababu? Sababu hiyo inaweza kupimwa na mtu mwingine asiye yeye?

Huko Lakewood meya alitakiwa kutaja sababu za kukataa, na hilo halikuiokoa sheria, kwa kuwa hakukuwa na kigezo cha kuifanya sababu yake iwe sahihi au isiwe sahihi. Afisa anayeweza kuandika tu kwamba maombi si kwa masilahi ya umma anaweza pia kulinyima gazeti lililomkosoa juma lililopita, na hakuna atakayeweza kuthibitisha. Gazeti dogo ndilo linaloumia kwanza katika hali hiyo, maana kubwa lina mawakili.

Tazama vilevile kama sheria inatenga magazeti kwa aina. Kanuni nyingine hutanguliza machapisho ya kila siku kuliko ya kila mwezi pale nafasi zinapokuwa chache, na nyingine hujaribu kuyatenga ya bure. Likikuhusu, liandike kwenye daftari pamoja na namba ya kifungu. Huna haja ya kulipigania siku ya kwanza. Omba kibali kama kawaida, lakini uwe unajua mahali sheria ilipo dhaifu.

Ada peke yake si dalili ya ubaya. Mahakama kwa kawaida huzikubali ada zinazolingana na gharama halisi za kushughulikia vibali na kukagua. Ada ya kutia shaka ni ile kubwa isiyoelezwa inalipia nini.

Hatua ya 4. Pima mahali.

Fika mahali penyewe mwenyewe, mchana, na ikiwezekana tena jioni. Kipimo cha kwanza ni upana utakaobaki wazi kwa wapitaji baada ya sanduku kuwekwa. Jiji la New York, kwa sheria yake ya mwaka 2002, linataka ibaki njia wazi ya futi 8, yaani takriban mita 2.4. Miji midogo hutaka pungufu ya hapo, lakini kuna kiwango cha chini ambacho usishuke chini yake kamwe: viwango vya shirikisho vya mwaka 2010 vinavyotokana na Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya mwaka 1990 vinataka njia inayofikika iwe na upana usiopungua inchi 36, na mwongozo wa njia za umma uliotolewa mwaka 2023 na Bodi ya Ufikivu ya Marekani unataka inchi 48. Mimi nakushauri uzichukulie inchi 48 kuwa ndizo kikomo chako hata mahali ambapo mji haujazidai, kwa sababu mtu anayetumia kiti cha magurudumu akikutana na sanduku lililobana njia hana pa kupita isipokuwa kushuka barabarani kwenye magari, na hakuna toleo la gazeti linalostahili kumweka mtu katika hatari hiyo.

Pima kuanzia upande wa sanduku hadi kizuizi cha kwanza cha upande wa pili, ambacho si lazima kiwe ukuta. Inaweza kuwa ngazi, shimo la mti, kibao cha duka au meza za mgahawa. Kosa linalotokea mara nyingi ni kupima wakati wa baridi, mgahawa ukiwa haujatoa meza zake nje, kisha majira ya joto yakifika njia inabaki nusu. Katika miji ya kaskazini kama Minneapolis kinyume chake pia hutokea: theluji inayosukumwa na magari ya kusafisha hulundikana ukingoni, na sanduku lililokuwa na nafasi ya kutosha mwezi wa Septemba linakuwa kizuizi mwezi wa Januari.

Baada ya hapo pima umbali wa sanduku kutoka kwa kila kitu kilichotajwa katika sheria. New York inataka futi 15 kutoka bomba la zimamoto. Sheria nyingine hutaja kivuko cha waenda kwa miguu, mteremko wa kona wenye vigae vya vinundu kwa wasioona, mlango wa kuingilia magari, maegesho ya walemavu, na pembe ya kona ambayo dereva anahitaji kuona upande wa pili. Kwenye kituo cha basi usiangalie kibao peke yake. Angalia mahali mlango wa basi unapofungukia na mteremko wa basi wa kushushia kiti cha magurudumu unapotua. Viwango vya shirikisho vinataka eneo hilo liwe wazi kwa inchi 96 kutoka ukingo wa barabara kuelekea ndani na inchi 60 sambamba na ukingo.

Weka alama ya chaki pale miguu ya sanduku itakapokaa, nyoosha futi kamba chini, na upige picha ambayo namba zinasomeka. Rudia kwa kila kipimo.

Hatua ya 5. Chagua sanduku.

Masanduku yaliyokwisha kutumika hupatikana kwa bei nafuu kutoka kwa wachapishaji waliopunguza matoleo ya karatasi, nami sioni ubaya wa kuyanunua, mradi uyapime kabla ya kulipa. New York haikubali sanduku la gazeti moja linalozidi kimo cha inchi 50, upana wa inchi 24 na kina cha inchi 24, na vipimo vinavyokaribiana na hivyo vinaonekana katika sheria za miji mingi.

Kuna mambo mawili ambayo wauzaji hawayataji. Kwanza, mtu asiyeona hutambua vizuizi kwa fimbo nyeupe inayopita karibu na ardhi. Sanduku pana lililokaa juu ya nguzo nyembamba linaweza kuachwa na fimbo na kumgonga mtu kifuani. Ndiyo maana viwango vya shirikisho vinazuia kitu kilicho kati ya inchi 27 na inchi 80 kutoka ardhini kisijitokeze njiani zaidi ya inchi 4. Chagua sanduku ambalo sehemu yake ya chini inakaribia ardhi. Pili, mpini wa mlango uwe chini ya inchi 48, ushikike kwa mkono mmoja bila kupindisha kifundo, na usihitaji nguvu inayozidi ratili 5. Mafuta kidogo kwenye bawaba hutatua mengi hapa. Kama gazeti lako ni la bure, toa kabisa kifaa cha sarafu, kwa kuwa huongeza uzito wa mlango na huwavutia wavunjaji.

Usipake rangi kabla hujasoma masharti ya mwonekano. Mji wa Coral Gables, Florida, uliwataka wachapishaji wote watumie rangi zile zile na herufi zisizozidi kipimo fulani, na mwaka 1994 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikubali. Rangi ya gazeti lako unaipenda, lakini sheria ya rangi inayowahusu wote kwa usawa ni vigumu kuishinda.

Hatua ya 6. Tafuta bima na usome ahadi ya fidia.

Miji mingi hutaka bima ya dhima kwa ajili ya mtu atakayejikwaa au kuumizwa na sanduku, pamoja na ahadi iliyosainiwa kwamba utaulipia mji gharama zitakazotokana na sanduku lako. Lakewood ilitaka bima ya dola 100,000. Mji wako utataja kiasi chake. Mwambie wakala kwamba mji lazima utajwe kwa jina kamili la kisheria kama mwenye bima wa ziada, yaani bima iulinde mji pia, kisha hakiki tahajia. Linganisha pia tarehe ya mwisho ya bima na ya kibali: bima ikiisha katikati, kibali kinaweza kufa nayo bila wewe kujua.

Hatua ya 7. Peleka maombi.

Orodhesha kila mahali kwa anwani, upande wa mtaa, na umbali kutoka kona iliyo karibu. Ambatisha mchoro rahisi wenye vipimo, picha zako, hati ya bima na ahadi ya fidia. Lipa ada kwa njia inayoacha ushahidi. Omba risiti yenye tarehe, na kama unapeleka kwa barua pepe, omba jibu la kupokelewa.

Usiambatishe nakala ya gazeti kwa hiari yako. Ukiombwa nakala ili maofisa waone kilichomo, jibu kwa adabu: "Naomba kujua ni kifungu gani kinachotaka nakala hiyo, ili nikitaje kwenye barua yangu." Mara nyingi ombi huishia hapo. Likiendelea, andika tarehe na maneno yaliyosemwa.

Hatua ya 8. Lisimamishe sanduku.

Lifunge kwa namna sheria inavyoruhusu na si vinginevyo. Kufunga mnyororo kwenye mti, nguzo ya taa au alama ya barabarani kunakatazwa karibu kila mahali. Kutoboa saruji kwa ajili ya bolti huhitaji idhini ya pekee, na ikiwa utachimba chini, piga kwanza 811, namba ya taifa ya kuulizia mabomba na nyaya zilizofukiwa. Huduma hiyo ni ya bure. Pasipo ruhusa ya kutoboa, tumia uzito ndani ya kitako cha sanduku.

Bandika jina, anwani, simu na namba ya kibali mahali panaposomeka. Piga picha nne, moja kila upande, na nyingine yenye futi kamba chini.

Hatua ya 9. Litunze.

Lipitie kila unapoweka toleo jipya. Futa michoro ya rangi, badilisha kioo kilichovunjika, ondoa takataka, kwani wapitaji hutupa vikombe ndani ya sanduku lililo tupu. Sheria nyingi huhesabu sanduku kuwa limetelekezwa likikaa bila gazeti kwa muda uliotajwa, mathalani siku 30. Kwa gazeti la kila mwezi linalochelewa kidogo kiwandani, muda huo ni mfupi sana, kwa hiyo bakiza nakala chache za toleo lililopita.

MAKOSA YA KUEPUKA

Kosa linalogharimu zaidi ni kuliweka sanduku kwanza na kuomba baadaye kwa hoja kwamba masanduku mengine yapo pale. Huenda yale mengine yana vibali, au yaliwekwa kabla ya sheria mpya, au nayo yamekwisha kupewa notisi. La pili ni kulisogeza sanduku la mwenzako ili upate nafasi. Ukifanya hivyo umehamisha mali ya mtu na umevuruga vipimo vyake vyote. La tatu ni kubandika tangazo la biashara kwenye ubavu wa sanduku mahali ambapo sheria inaruhusu jina la gazeti tu.

MATATIZO NA NAMNA YA KUYATATUA

Hujajibiwa. Tazama kama sheria inataja siku za kujibu. Zikipita, andika barua fupi ukitaja tarehe ya risiti na kifungu husika, na unakili kwa karani wa mji. Pale ambapo sheria haitaji muda wowote, uliza kwa maandishi uamuzi utatolewa lini.

Umenyimwa. Omba sababu kwa maandishi, ukitaja mahali kwa mahali. Sababu ikiwa ni kipimo, rudi na futi kamba: kusogeza sanduku futi mbili kunaweza kumaliza shauri zima, na ni heri kusogeza kuliko kushtaki. Sababu ikiwa ni mwonekano usioelezwa, masilahi ya umma, au jambo lolote linalogusa lugha na maudhui ya gazeti, kata rufaa ndani ya muda uliowekwa, kisha tafuta wakili. Shirika la Reporters Committee for Freedom of the Press lina huduma ya simu ya ushauri wa kisheria kwa wanahabari, matawi ya ACLU, shirika la kutetea haki za kiraia, yapo katika majimbo, na baadhi ya vyuo vya sheria vina kliniki zinazosaidia magazeti madogo bila malipo.

Sanduku limechukuliwa. Kabla ya kupiga simu kwa hasira, hakiki kama notisi ilipelekwa kwenye anwani uliyoandika. Uliza limewekwa wapi, ada ya kulitoa ni kiasi gani, na siku ngapi zimebaki kabla halijatupwa au kuuzwa. Likomboe kwanza, andika kwenye risiti kwamba unalipa huku ukipinga, kisha ukate rufaa. Kama masanduku mengine yenye kosa lile lile yameachwa, yapige picha siku hiyo hiyo ukiwa na tarehe; ushahidi wa kutendewa tofauti hupotea haraka.

Mwenye duka amelalamika. Hana mamlaka juu ya njia ya umma, lakini malalamiko yake humfikia afisa. Mwoneshe kibali, umsikilize kama sanduku linaziba dirisha au sehemu ya kushushia mizigo, na ukubali kusogea ikiwa vipimo vinaruhusu. Kusogea kokote kunahitaji kuarifiwa mji kwa maandishi.

Mji hauna sheria yoyote kuhusu masanduku. Katika hali hiyo zinatumika kanuni za jumla za kutoziba njia. Mwandikie karani kwamba unakusudia kuweka sanduku mahali fulani, ambatisha vipimo, na uombe aseme kama kuna kibali kinachohitajika. Akijibu kwamba hakuna, barua hiyo ihifadhi pamoja na picha.

Mji unatunga sheria mpya. Hudhuria kikao cha baraza la mji wakati wa maoni ya umma, kwa sababu ni rahisi zaidi kurekebisha rasimu kuliko sheria iliyokwisha kupita. Peleka maombi mahususi kwa maandishi: vigezo vinavyopimika, siku maalumu za kujibu, sababu za maandishi, rufaa kwa mtu asiye yule aliyekataa, na muda wa kutosha kwa waliokwisha kuwa na masanduku kuyarekebisha. Kama kabati la pamoja limependekezwa, uliza vyumba ni vingapi na vitagawiwa kwa utaratibu gani pale waombaji watakapozidi nafasi, na usitoke kikaoni kabla jibu halijaingia kwenye kumbukumbu.